Wanawake Wanaoona Mvua

Royce Skidmore aliponiambia kwamba wanawake wa kwao huiona mvua kabla haijaja, nilicheka mpaka nikapaliwa na mkate wa mahindi. Ilikuwa Aprili ya mwaka juzi, kwenye karamu ya vitunguu pori katika ukumbi wa zimamoto, na tulikuwa tumefahamiana kwa saa moja na nusu tu. Alikuwa amekaa mbele yangu, mabega yamejaa kwenye shati la kazini, na macho yake ya rangi ya majivu hayakubanduka usoni kwangu hata alipokuwa anapapasa meza kutafuta chumvi.

"Unacheka?" aliniuliza. "Haya, cheka. Mimi ni fundi wa laini za umeme. Kila asubuhi kabla sijapanda nguzo nampigia mama simu. Namuuliza, 'Mama, mvua?' Akisema ameiona, sipandi. Bosi wangu ana kompyuta, mimi nina mama."

"Anaona nini hasa?"

"Mianga. Inaanza kidoa cha kung'aa hapa." Alinyoosha kidole karibu na jicho langu. Hakunigusa, lakini nilisisimkwa mwili mzima. "Kisha inakuwa mistari ya kupindapinda, inametameta, halafu inaondoka yenyewe. Bibi alikuwa anaona, mama anaona, na mdogo wangu Jessa alianza akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku ile mama alimpikia keki."

"Na mvua inakuja kweli?"

"Milima hii ya West Virginia? Lini haiji?"

Tulicheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka. Nikamwambia natamani na mimi ningekuwa naona. Akasema, "Olewa kwetu, pengine utaanza," kisha akawa mwekundu hadi masikioni, na hapo ndipo nilipompenda.

Nayaweka haya mbele ya mengine yote ili ijulikane kwamba niliambiwa. Niliambiwa wazi, na mtu niliyemsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu. Mimi, Corrine Bostic, mfamasia mwenye cheti ukutani.

Cheti chenyewe nilikuwa naringa nacho. Daktari wa mwisho wa akina mama wilayani kwetu alifunga chumba chake akahamia mjini, na tangu hapo mwanamke aliyetaka vidonge vya kuzuia mimba ilimbidi avuke mlima, saa moja na dakika arobaini kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Sheria ilipotuidhinisha wafamasia tuviandike wenyewe bila daktari, nilikuwa wa kwanza wilayani kusomea. Utaratibu hauna maajabu. Mteja anajaza fomu ya maswali, unayapitia naye moja moja, unampima presha, unaandika. Na kwenye lebo ya boksi, pale pa jina la daktari, linakaa jina lako. Lebo yangu ya kwanza niliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Bi Wilda, mama yake Royce, hakunipendea hilo hata kidogo. Kanisani aliniita "yule msichana wa vidonge," nami nina miaka thelathini na mmoja. "Hakukosekana mwalimu?" alimuuliza mwanawe mbele yangu, huku akinikatia pai. "Hakukosekana karani wa benki?" Royce alicheka tu, akanishika mkono chini ya meza. Pete ilikuja Krismasi. Harusi tukaipanga Oktoba. Bi Wilda alinuna wiki tatu, halafu akaanza kutushonea mfarishi wa vipande vya vitambaa, nikajua nimekubaliwa, ingawa kwa shingo upande.

Jessa alikuja mwezi Machi, Jumanne ya mafua, duka limejaa watu wanaokohoa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasomea kukata na kutengeneza nywele, na vidole vyake havikutulia hata akiwa amekaa. Akizungumza nawe atakuwa anakuweka sawa kola. Tangu siku ya pete alikuwa ananiita wifi.

"Wifi," alininong'oneza juu ya kaunta, "nataka vile vidonge. Ukimwambia mama nimekufa. Ukimwambia Royce nimekufa mara mbili."

"Anayekaa kwenye kile kiti cha kupimia presha simsemi kwa mtu," nilimwambia. "Ndiyo kazi."

Alijaza fomu kwa haraka, huku akichekacheka. Presha yake ilikuwa nzuri, mia na kumi na mbili kwa sabini. Nikaanza kumsomea maswali. La saba linauliza kama mtu huumwa kichwa kikali, na kabla yake au pamoja nacho huona mianga, nyota au mistari inayometameta. Sikulimaliza. Nilifika kwenye "kichwa kikali" Jessa akadakia.

"Kichwa? Wifi, mimi kichwa kinaniuma nikimsikiliza mama tu. Nimeshaweka hapana, tazama."

Simu ilikuwa inalia. Foleni ilikuwa na watu sita. Nilicheka, nikaenda swali la nane.

Angeweka ndiyo, ningempa vidonge vya aina nyingine, visivyo na homoni ya estrojeni, vilivyokaa rafu ileile, upana wa kiganja kutoka vile nilivyompa. Angeondoka na furaha ileile. Nimepima nafasi hiyo kwa mkono wangu, tena si mara moja.

Tarehe tisa Julai, chuoni, Jessa alikuwa anamkata mteja nywele mkasi ukamponyoka. Aliinama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Alipotaka kusema, maneno yakatoka hayana umbo. Kiharusi, mtoto wa miaka kumi na tisa. Niliwahi hospitali jioni ileile, na kwenye korido nikamsikia Bi Wilda akimweleza muuguzi, "Hakuwa na tatizo lolote. Asubuhi alikuwa ameona mvua, akaniambia nianue nguo, basi." Nilikumbuka chumvi, vitunguu, kidole cha Royce karibu na jicho langu. Bi Wilda aliponiona akasema hapakuwa na nafasi ya wageni, nami nikageuka nikaondoka, kwa sababu alikuwa na haki zaidi ya alivyojua.

Siku kumi na moja zilipita. Royce alinitumia ujumbe mara mbili, mara zote juu ya Jessa: amemeza uji; amekaa kitini. Sikuthubutu kumwandikia nililokuwa nalo. Nilijiambia neno kama lile haliandikwi kwenye simu, na hiyo ilikuwa nusu ya ukweli tu.

Alikuja Ijumaa, saa saba na nusu, wakati tunapofunga kwa chakula cha mchana. Nilikuwa nimeteremsha pazia la chuma, nipo peke yangu na kipande cha sandwichi nisichokitamani.

"Fungua, Cori. Ni mimi."

Nilipandisha pazia mpaka kifuani, akainama akapita, nikaliteremsha tena. Alikuwa na nguo za kazi, ndevu za wiki, na nywele zimeanza kufunika masikio. Jessa ndiye aliyekuwa akimkata kila baada ya wiki tatu, barazani, na taulo shingoni. Nilitaka kuzirudisha zile nywele nyuma ya sikio. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, nikaushusha.

Alitoa boksi mfukoni, akaliweka kwenye kaunta, lebo juu.

"Soma."

"Royce, mpenzi..."

"Soma kwa sauti. Mama aliisoma mezani mbele ya wajomba. Nataka nisikie inavyotoka kwako."

Nikasoma. "Jessa Skidmore. Kidonge kimoja kila siku, saa ileile. Ameandikiwa na Corrine Bostic."

"Corrine Bostic," akarudia. "Wajomba wakauliza, huyo daktari Bostic ni nani? Mama akasema, si daktari, ni mkwe wangu mtarajiwa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Miezi minne, Cori. Kila Jumapili uko mezani kwetu. Unampitishia Jessa viazi. Mnachekeana. Na wewe unajua, mimi sijui."

"Alinikataza. Na angenikataza au asingenikataza, sheria inanifunga mdomo. Angekuwa dada wa mtu mwingine ungetaka niseme?"

"Si dada wa mtu mwingine."

"Najua."

"Ni dada yangu. Nimembeba mgongoni huyu. Juzi nimemfunga kamba za viatu akaanza kulia, na hawezi hata kuniambia analia kwa nini." Aligeukia rafu za dawa za kikohozi akajifanya anazisoma. Mgongo wake niliufahamu vizuri, hata namna bega la kushoto linavyoshuka akiwa amechoka, na ilikuwa adhabu kuutazama bila kuugusa.

"Mama yuko nje kwenye pikapu," akasema bila kugeuka. "Kanipa dakika ishirini. Kasema nisitoke humu bila pete."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi?" Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalinitazama vilevile kama siku ile ukumbini. "Mimi nataka sababu ya kutoka bila pete. Nipe sababu, Cori. Yoyote. Nitaibeba."

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hospitali ilikuwa imeichapa: mgonjwa anaruhusu kaka yake aonyeshwe fomu aliyoijaza dukani kwangu. Walimsomea Jessa, akaitikia kwa kichwa, akapewa kalamu. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zimeangukiana, na jina lake lilikuwa limekosa herufi ya mwisho kwa kuwa karatasi ilikuwa imeisha. Msichana yule alikuwa akiandika kwa madaha, kila herufi na mkia wake.

Nilifungua kabati, nikatoa faili. Nikamwekea fomu mbele yake.

Aliisoma kama anavyosoma kila kitu, na kidole chini ya mstari. Unavuta sigara? Hapana. Umewahi kugandiwa na damu mguuni? Hapana. Kidole kilifika la saba kikasimama. Kilikaa pale. Kisha niliuona uso wake ukifunguka, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeukosa uso huo kwa siku kumi na moja.

"Alisema hapana," akasema.

"Ndiyo."

"Kaweka tiki mwenyewe. Huu ni mkono wake. Cori! Uliuliza!"

"Niliuliza."

"Daktari kule katuambia mtu mwenye mianga hatakiwi kupewa dawa hii kabisa, inaweza kumletea kiharusi. Mama akasema basi aliyeandika hakuuliza. Kumbe uliuliza, na mtoto akakataa. Sasa wewe umekosa nini?" Alizunguka kaunta, akaingia upande ambao wateja hawaingii, akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na sugu zilezile. "Natoka sasa hivi namwonyesha mama karatasi hii. Atalia, atavunja sahani, lakini anajua kusoma. Oktoba atavaa lile gauni lake la zambarau akae mbele kabisa. Hukuwa na namna ya kujua, mpenzi wangu. Hukuwa na namna."

Nataka niseme kweli juu ya dakika ile. Nilitaka kunyamaza. Sikuwa na haja ya kudanganya; karatasi ilikuwa inanisemea, na kila ilichosema kilikuwa kweli. Ilitosha kuinamisha kichwa kifuani kwake. Nilinusa sabuni ya nguo zake na jasho la njiani, nikaiona nyumba tuliyokuwa tumeichagua, ile yenye paa la bati jekundu, nikamwona yeye mlangoni na viatu vya matope. Kumpoteza mtu anayekushika mikono ni kugumu kuliko kumpoteza aliyekwenda mbali.

"Sema," akanibembeleza. "Sema hukuwa na namna ya kujua."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeambiwa."

Mikono yake haikuachia, lakini ilipoa. "Umeambiwa nini?"

"Kwamba Jessa anaona mianga."

"Na nani? Jessa?"

"Hapana."

"Mama?"

"Mama yako haniambii hata saa ngapi."

"Basi nani?"

"Wewe, Royce."

Alinitazama bila kuelewa. Nje, honi ya pikapu ililia mara moja, fupi.

"Kwenye karamu ya vitunguu pori," nilisema. "Uliniambia bibi yako alikuwa anaona, mama yako anaona, na Jessa alianza na miaka kumi na mitatu. Ukaniwekea kidole hapa."

Aliachia mikono yangu. Alikitazama kile kidole chake, polepole, kama si chake.

"Ile ilikuwa hadithi tu," akasema. "Nilikuwa nakutongoza."

"Najua. Na mimi nilikuwa natongozwa. Lakini nilikuwa mfamasia hata nikiwa natongozwa. Nimesoma miaka sita. Mianga ile ina jina. Ni kipandauso."

"Kipandauso ni kuumwa kichwa. Kwetu hakuna anayeumwa kichwa."

"Mama yako akishaona mvua anafanya nini?"

"Analala kidogo."

"Kidogo saa ngapi?"

"Saa mbili, tatu. Anafunga mapazia. Anasema..." Aligeukia pazia la chuma. "Anasema ni uzito wa mvua."

"Huo uzito ndio kichwa, Royce. Mmekiita jina lingine, ndiyo maana Jessa aliweka hapana, na hakudanganya. Yeye hakujua. Mimi nilikuwa najua yote mawili, nilijua hadithi na nilijua dawa, na nilikuwa nimekaa naye uso kwa uso. Sikuyaunganisha. Nilikuwa na haraka, hata swali lenyewe sikulisoma mpaka mwisho."

Alikaa chini, palepale sakafuni, mgongo kwenye kabati la dawa za presha. Mwanamume anayepanda nguzo za futi arobaini bila kutikisika alikuwa ameshika magoti kwa mikono miwili.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile kwenye korido. Mama yako alimwambia muuguzi kwamba Jessa ameona mvua asubuhi. Hapo ikanijia."

"Siku kumi na moja."

"Ndiyo."

"Ungenyamaza tu, Cori." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayeomba. "Ningetoka hapa bila pete. Ningekuoa."

"Najua ungenioa. Halafu kila asubuhi ungempigia mama yako simu kuulizia mvua, na mimi ningekuwa jikoni nasikia."

"Sasa umenifanya na mimi niwemo." Alijigonga kifua. "Mimi ndiye niliyekuambia. Nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa mtu wa dawa, na nikampeleka dada yangu kila Jumapili akae karibu nawe, sikuwaza."

"Wewe hukupaswa kuwaza. Mimi ndiye niliyesajiliwa kuwaza."

Alifungua mdomo kunijibu, pazia la chuma likagongwa. Aliyegonga hakugonga kwa adabu, aligonga kwa pete yake ya ndoa. Royce aliinuka akalipandisha, na Bi Wilda akaingia, mwanamke mdogo wa umbo, mkoba umekabwa kwapani, midomo imefungwa.

"Dakika ishirini na tano," akasema. "Umeipata?"

"Mama, kaa."

"Sikai kwenye duka hili."

"Mama. Tafadhali. Kaa."

Kiti kilikuwa kimoja, kile cha kupimia presha. Alikaa pembeni pembeni, mkono wa kiti ukamgusa ubavu. Royce akapiga goti mbele yake.

"Jessa aliulizwa juu ya mianga," akasema. "Iko kwenye fomu. Akaweka hapana."

"Uongo."

"Ni mkono wake, mama, nimeuona. Lakini Cori alikuwa ameshaambiwa. Mimi nilimwambia mwaka juzi kwamba nyinyi huona mvua. Nilimwambia na Jessa anaona. Akasahau."

Bi Wilda aligeuza kichwa akanitazama. Miaka miwili nilikuwa nimetamani anitazame moja kwa moja.

"Ulijua mwanangu anaona," akasema, "ukampa."

"Nilisahau, Bi Wilda. Niliambiwa, nikasahau. Sina lingine la kusema."

"Mtu husahau mwamvuli," akasema. "Husahau sufuria jikoni." Pumzi ilikuwa inamwenda juu. "Na yeye? Mbona alisema hapana? Ameulizwa na mwanamke anayemwita wifi. Mbona asiseme tu?"

Royce aliinamisha kichwa. Mimi nilijua jibu na nilikuwa nimeapa moyoni halitatoka kwangu. Nikamwona mwenyewe akilifikia. Ilianzia kwenye midomo, ikalegea.

"Nilimpikia keki," akasema.

"Mama, basi."

"Alikuja mbio kutoka bandani, mikono kwenye macho, anaogopa, analia. Nikamwambia usilie, wewe sasa ni wetu. Nikampikia keki, Royce. Ya karameli. Nikampigia bibi yake simu." Alishika mkoba kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe. "Asemeje kwamba ni ugonjwa?"

Nilisogea hatua moja. Sijui nilitaka kufanya nini, labda kupiga magoti pale pamoja na mwanawe. Alininyooshea kiganja kunizuia.

"Usinikaribie. Unataka nikuambie tumekosa wote, tulie pamoja, tuendelee na harusi. Mimi nimekosa kwa mwanangu, nitajibu kwa Mungu. Lakini mimi ni mpika keki. Mimi sina cheti ukutani."

Royce alinitazama. Nilikuwa namjua anavyotazama mti ulioangukia waya, anakadiria kama kuna namna ya kuuondoa bila kukata. Alikadiria, kisha akaangusha macho. Nikavua pete. Ilikwama kidogo kwenye kifundo cha kidole kwa sababu ya joto la Julai, ikabidi niizungushe, na kazi ile ndogo mbele yao ilinivunja kuliko maneno yote. Niliiweka kwenye kaunta karibu na boksi.

Simu ya Royce ililia. Ilikuwa ya msimamizi wake, sauti yake ilisikika mpaka tulipo: nguzo imelala kule bondeni nyuma ya kanisa, nyumba kumi na tisa hazina umeme, wingu limekaa kwenye mlima na hakuna anayejua linaenda wapi, anaweza kupanda?

"Nakuja," Royce akasema. Akaishusha simu kifuani, akamgeukia mama yake kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya kazi, mdomo ukatangulia kabla ya akili.

"Mama, mvua?"

Alipolisikia neno lake mwenyewe, alifumba macho. Bi Wilda alifunika uso kwa viganja viwili.

"Usiniulize tena," akasema nyuma ya vidole. "Royce, mwanangu, usiniulize tena maisha yangu yote."

Royce alimwinua mama yake taratibu akamshika kiuno. Bi Wilda ndiye aliyekumbuka pete. Aliichukua akaitia mkobani kwenye leso, kama anavyochukua chenji. Boksi walilisahau. Kwenye pazia, Royce alisimama akageuka. Hakunichukia. Ningeweza kuvumilia angenichukia. Alinitazama kama mtu anayenipenda bado na hajui atayapeleka wapi mapenzi hayo.

"Usipande leo," nilimwambia.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Nakupenda tu."

Alitikisa kichwa mara moja, akainama, akapita chini ya pazia. Nikasikia mlango wa pikapu, halafu wa pili.

Saa nane nilipandisha pazia. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa msichana wa kiwanda cha mbao, ameshajaza fomu yake, anatafuna ubani. Nilimketisha. Nilimsomea swali la saba mpaka nukta ya mwisho, kisha nikaweka kalamu chini, nikamuuliza kama kwao kuna mtu anayeona kitu chochote machoni, kitu ambacho pengine wanakiita jina lingine. Alinitazama kama nimepungukiwa akili. Akasema hapana. Nikamuuliza tena.

Mvua ilikuja saa kumi, kubwa, yenye radi, ikaziba mlima wote. Wateja walikimbilia magari yao na mifuko vichwani. Nilisimama kwenye dirisha la kuhudumia wenye magari nikitazama upande wa bonde la kanisa, nikijua yuko juu kule, mikono kwenye waya, na kwamba hakukuwa tena na mtu wa kumwambia ashuke.